Kashata

Kashata ni kitafunwa kitamu kinachotengenezwa kwa kugandisha karanga, nazi, ufuta au mbegu nyingine ndani ya shira ya sukari, kisha kukikata vipande kabla hakijapoa. Kinajulikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki, visiwani Unguja na Pemba, na pia bara, Kenya, Tanzania na Uganda. Mijini huuzwa sana na wauza kahawa wanaotembea na dele la shaba: mteja hunywa kahawa chungu katika kikombe kidogo na kuisindikiza kwa kipande cha kashata. Nyumbani hupikwa kwa ajili ya wageni, sikukuu, watoto wa shule na biashara ndogo.

Makala hii inaeleza hasa kashata inayopikwa nyumbani kwa viambato vya asili na kwa sukari kidogo kuliko kawaida. Mifano ya mazao na mazingira inatoka wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, Tanzania, hasa nchi tambarare ya kata ya Tindiga na maeneo ya jirani hadi Mikumi.

Asili

Hakuna mwaka unaoweza kutajwa kuwa ndio mwanzo wa kashata, lakini viambato vyake vinasaidia kukisia. Nazi na ufuta vimetumika katika nchi za Bahari ya Hindi tangu zamani sana. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo ilifika Afrika baada ya safari za Wareno katika karne ya 16. Kwa hiyo kashata ya karanga, ingawa leo ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi bara, haiwezi kuwa ya kale kuliko hapo. Uhindini kuna kitafunwa kinachofanana nayo sana, kiitwacho chikki, ambacho kwa kawaida hupikwa kwa karanga au ufuta pamoja na sukari guru. Iliki inayotiwa katika kashata nayo ni kiungo chenye asili ya Uhindi wa kusini, lakini siku hizi inalimwa Tanzania kwenyewe, katika milima ya Usambara, Uluguru na Nguru.

Kazi ya sukari katika kashata

Anayetaka kupunguza sukari katika kashata ni lazima kwanza ajue inafanya nini humo, maana utamu ni sehemu tu ya kazi yake.

Kwanza, sukari ndiyo gundi. Shira inapochemka, maji hupungua na joto hupanda. Ikifika nyuzijoto karibu 150 za Selsiasi, maji yaliyobaki ni machache kiasi kwamba ikipoa inakuwa ngumu kama kioo na kuzishika karanga pamoja. Ikiondolewa motoni mapema, kashata hubaki laini na kunata kwenye vidole. Pili, sukari huzuia kuoza: huyafunga maji yaliyomo kwenye nazi, hivyo bakteria na kuvu hawapati unyevu wa kutosha kuishi. Tatu, sukari ikianza kuungua kati ya nyuzi 160 na 170 hutoa rangi ya kahawia na harufu ile inayomfanya mtu ajue kwa jirani kunapikwa kashata.

Hii ndiyo sababu ya watu wengi kushindwa wanapopunguza sukari kwa nusu bila kubadilisha kitu kingine. Kashata ya karanga humeguka, na ya nazi huchacha siku ya pili. Kila kazi iliyokuwa ikifanywa na sukari inahitaji kufanywa na kitu kingine, au mpishi akubali kashata isiyodumu.

Kwa kashata ya karanga kipimo kinachotumiwa na wengi ni vikombe 2 vya karanga kwa kikombe 1 cha sukari, yaani takriban gramu 300 kwa gramu 200. Kipande cha gramu 20 kinakuwa na gramu 8 za sukari. Sukari ikishushwa hadi gramu 120 kwa karanga zilezile, kipande cha uzito huohuo kinabaki na gramu 6 hivi. Gundi inayopungua inafidiwa kwa kutwanga robo ya karanga kinuni hadi zianze kutoa mafuta, kisha kuzichanganya na zile nzima au zilizopasuliwa: vipande vidogo huziba nafasi kati ya vikubwa, na shira kidogo inatosha kushika vyote. Chini ya kiasi hicho kashata haishikani vizuri, hata mpishi awe hodari namna gani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Vipande vitatu vya kashata ya kawaida na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari tayari vinapita gramu 25. Njia rahisi kuliko zote ya kuipunguza, ambayo haihitaji ufundi wowote, ni kukata vipande vidogo.

Viambato vya nchi ya Kilosa

Tindiga ni kata ya wilaya ya Kilosa. Katika Kiswahili neno tindiga lina maana ya mahali penye maji na matope, na jina linafaa, kwa sababu nchi hiyo ya chini hupokea maji yanayoshuka kutoka milimani kuelekea bonde la Mto Wami. (Jina hilo lisichanganywe na Watindiga, jina linalotumiwa na majirani kuwaita Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi.) Mpunga hupendelea maeneo yenye maji, mahindi, ufuta na jamii ya kunde hulimwa penye miinuko na udongo usiotuamisha maji.

Wilaya ya Kilosa ni nchi ya miwa pia. Kusini mwake, upande wa Mikumi, kuna kiwanda cha Ruembe cha Kampuni ya Sukari Kilombero, kilichojengwa katika miaka ya 1970. Kaskazini, huko Mbigiri, kuna kiwanda cha Mkulazi kinachomilikiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) pamoja na Jeshi la Magereza, kilichozinduliwa mwaka 2024. Hata hivyo kuishi karibu na miwa si kinga ya kukosa sukari. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño kuzuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchi nzima na bei ikapanda hata Serikali ikatangaza bei elekezi. Kwa mama anayeuza kashata, kipimo chenye sukari kidogo ni suala la mtaji kama lilivyo suala la afya.

Ufuta ni kiambato chenye sifa nzuri kuliko kinavyopewa. Mbegu zake zina mafuta karibu nusu ya uzito wake na protini karibu asilimia 18. Ufuta usiokobolewa una kalisi nyingi, karibu miligramu 970 kwa kila gramu 100, ingawa sehemu kubwa imefungwa kwenye ganda kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia yote. Ukikobolewa, nyingi ya kalisi hiyo huondoka pamoja na ganda. Karanga ina protini karibu asilimia 25. Nazi ni ya mwisho kwa hesabu hiyo: ina protini kidogo, na mafuta yake ni ya aina inayoganda, ambayo wataalamu wa moyo wanashauri yaliwe kwa kiasi.

Ubuyu nao unastahili kutajwa. Kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa, baada ya kupita Mikumi kuelekea Ruaha Mbuyuni, kuna bonde lenye mibuyu mingi kando ya Mto Ruaha Mkuu. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, lakini vitamini hiyo huharibiwa na joto. Kwa hiyo haupikwi pamoja na shira: hunyunyizwa juu ya kashata ya nazi ikiwa vuguvugu, na uchachu wake hufanya utamu kidogo uonekane kutosha.

Karanga na sumukuvu

Hatari kubwa zaidi katika kashata haitokani na sukari wala rangi. Inatoka kwenye kiambato kinachoonekana cha asili kuliko vyote, yaani karanga.

Kuvu wa aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus huishi udongoni na kushambulia karanga na mahindi, hasa mmea unapopata ukame shambani au mazao yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu hao hutengeneza sumukuvu aina ya aflatoksini. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga wengi kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kutokana na chakula chenye mashudu ya karanga. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ini, na hatari huongezeka kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi kwa muda mfupi huua. Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Tanzania ilipata mlipuko wa namna hiyo mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu wapatao 20 walifariki.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya chakula. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina harufu wala ladha. Tena, kukaanga hupunguza sehemu tu ya sumu. Shira ya moto nayo haiiondoi. Karanga mbovu ikishaingia katika kashata, iliki na sukari huficha uchungu wake, na huo ndio ubaya wake.

Kinachobaki ni kinga, nayo huanza shambani. Katika nchi yenye unyevu kama Tindiga, karanga zikiachwa chini baada ya kung'olewa hufyonza maji ya ardhi. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoharibu hata Reli ya Kati, ni ukumbusho wa jinsi maji yanavyoweza kulifikia bonde hilo wakati usiotazamiwa. Karanga zikaushwe juu ya chanja au turubai, zikiwa bado katika maganda yake, na zifunikwe mvua inapotishia. Iliyokauka vizuri hulia ndani ya ganda ikitikiswa, na ngozi yake nyekundu huchubuka kwa kusuguliwa kidole. Zisinyunyiziwe maji ili kurahisisha kubangua: ni mazoea ya sehemu nyingi yanayookoa vidole na kukaribisha kuvu.

Jikoni, kuchambua ni kazi inayostahili muda mrefu kuliko kupika. Karanga zimwagwe kwenye ungo mahali penye mwanga, na zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi au zenye vumbi la kijani ziondolewe zote. Kwa kuwa sumu hukusanyika katika punje chache mbovu badala ya kuenea sawasawa, uchambuzi mzuri huondoa sehemu kubwa yake. Baada ya kukaanga na kuondoa ngozi uchambuzi urudiwe, maana punje nyingine huonyesha weusi wake hapo tu. Zilizotupwa zisipewe kuku wala ng'ombe. Sumu hupita kwenye maziwa. Ufuta na nazi kavu vinaweza kupata kuvu pia, lakini karanga na mahindi ndiyo yenye historia mbaya.

Upishi

Kwa kashata ya karanga au ufuta, sinia au ubao hupakwa mafuta kwanza, kwa sababu shira haisubiri. Karanga gramu 300 hukaangwa kwa moto mdogo hadi ziwe na rangi ya dhahabu, huchambuliwa na kuachwa mahali pa joto. Zikiwa baridi huigandisha shira kabla haijaenea. Sukari gramu 120 hutiwa katika sufuria nzito na vijiko vitatu vya maji na chumvi kidogo sana, kisha huchemshwa kwa moto wa wastani bila kukorogwa, maana kukoroga mapema huirudisha kuwa chembechembe.

Asiye na kipimajoto hutumia bakuli la maji baridi. Tone la shira likidondoshwa humo na kubonyea kama gundi, bado. Likiwa gumu na kuvunjika kwa sauti, tayari. Hapo karanga na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa huingizwa kwa mara moja, hugeuzwa haraka kwa mwiko, humwagwa kwenye sinia na kusawazishwa kwa chupa iliyopakwa mafuta. Kisu kipite kabla dakika mbili au tatu hazijaisha. Ikichelewa itavunjika ovyo, lakini haijaharibika. Itauzwa kwa vipande visivyo na umbo.

Kashata ya nazi ni ya taratibu zaidi. Nazi moja iliyokunwa kwa mbuzi hupikwa na sukari gramu 150 na nusu kikombe cha maziwa au maji, ikikorogwa muda wote hadi mchanganyiko uachane na kingo za sufuria. Nazi itumike pamoja na tui lake. Machicha yaliyokamuliwa hutoa kashata kavu inayokwaruza koo, ambayo wapishi huificha kwa kuongeza sukari.

Shira ya moto ni hatari kuliko maji yanayochemka, kwa kuwa ina joto kubwa zaidi na huganda kwenye ngozi. Watoto wakae mbali na jiko. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, majivu wala mafuta.

Asali, sukari guru na tende

Watu wengi hudhani kubadilisha sukari nyeupe kwa asali au sukari guru hufanya kashata kuwa dawa. Si hivyo. Asali ni sukari kwa asilimia 80 hivi, iliyobaki karibu yote ni maji, na WHO inaihesabu pamoja na sukari nyingine. Sukari guru, inayopatikana kwa kuchemsha maji ya miwa hadi yagande bila kuyasafisha kiwandani, hubaki na chuma na madini mengine kwa kiasi kidogo, lakini ili mtu apate chuma cha kutosha kutoka humo atakuwa amekula sukari nyingi mno.

Faida yake ni ladha. Sukari guru ina harufu nzito inayoelewana sana na ufuta, na kwa sababu hiyo kiasi kidogo huridhisha. Asali ina udhia wake: fruktosi iliyomo huungua mapema na huvuta unyevu wa hewani, hivyo kashata ya asali tupu hulowa na kunata, hasa wakati wa masika. Wapishi huchanganya sehemu moja ya asali na tatu za sukari. Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kwa namna yoyote, hata ikiwa imepikwa, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botuli ambazo tumbo lake haliwezi kuzishinda.

Tende ndiyo mbadala unaobadilisha mambo kweli. Tende zilizotolewa kokwa na kutwangwa pamoja na karanga na ufuta hushikana bila shira wala moto, na huliwa na nyuzinyuzi zake. Kinachopatikana ni laini, na mpishi wa zamani huenda asikubali kukiita kashata.

Rangi

Kashata ya nazi mara nyingi hutiwa rangi ya waridi. Rangi za chakula zilizoidhinishwa hazina madhara yanayojulikana zikitumiwa kwa kipimo, ingawa Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2010 unataka vyakula vyenye baadhi yake vibandikwe onyo kuhusu utulivu wa watoto. Tatizo ni rangi zisizo na lebo zinazopimwa kwa vijiko kutoka kwenye magunia, ambazo mnunuzi hawezi kujua kama ni za chakula au za nguo. Nchini Tanzania usalama wa chakula, rangi zikiwemo, husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019.

Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa hutoa waridi nzuri, ikitiwa mwishoni. Rozela hutoa wekundu, lakini asidi yake hufanya shira isigande vizuri. Inafaa kwa kashata ya nazi na si ya karanga. Manjano huhitaji ncha ya kijiko tu. Rangi hizi hupauka baada ya siku chache zikikaa juani.

Kashata na mashimelo

Katika maduka makubwa ya mijini watoto huvutiwa na mashimelo, peremende laini kama sifongo. Hizo ni sukari, shira ya glukosi, jelatini na hewa. Protini yake ni kidogo sana. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, jambo linalowalazimu Waislamu kusoma lebo. Zamani zilitengenezwa kwa ute wa mzizi wa mmea wa mabwawani wa Ulaya, ndugu wa bamia na mbuyu katika familia moja, lakini mmea huo hautumiki tena viwandani. Kashata haihitaji jelatini.

Tahadhari na uhifadhi

Karanga nzima zinaweza kumkaba mtoto mdogo. Aliye chini ya miaka mitano apewe kashata ya karanga zilizosagwa au ya nazi laini. Wapo watu wenye mzio wa karanga au ufuta, na kwao kipande kimoja chaweza kuleta uvimbe wa koo na kuhitaji hospitali mara moja. Muuzaji anayetumia kisu na sinia moja kwa aina zote amwambie mnunuzi anayeuliza.

Kashata ya karanga iliyopikwa vizuri hukaa wiki mbili au tatu ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko. Wakati wa mvua punje chache za mchele mkavu zilizofungwa katika kitambaa na kuwekwa chini ya kopo husaidia kunyonya unyevu. Kashata ya nazi yenye sukari kidogo iliwe ndani ya siku tatu, na ikianza kutoa harufu ya mafuta makali au kuonyesha madoa itupwe yote, kwa kuwa kukata sehemu yenye doa hakuondoi kuvu waliokwisha kupenya ndani.